Shati la Teklia katika Makumbusho ya Bukovna

Kiangazi kile Yustina alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari akamkataza kuendesha gari mpaka mavuno yaishe. Ndivyo Zenia, mdogo wake, alivyoshika usukani kwa mara ya kwanza tangu waanze safari zao.

"Kanyaga mafuta, bibi," Yustina alimwambia asubuhi hiyo. "Trekta lile nyuma linataka kutupita."

"Lipite. Lenyewe lina shamba la kwenda. Mimi naenda kuangalia mashine za kuchuja malai."

"Utaziona mpaka uzichoke. Na tukifa sisi wataweka meno yetu ya bandia karibu nazo."

"Yako wataweka. Yangu hayajanunuliwa bado."

Kila Julai walifanya hivyo. Makumbusho ya vijiji kwenye nyika ile ya Saskatchewan hufunguliwa kiangazi tu, wazee wa kujitolea wakikaa mlangoni na birika la kahawa, na mwezi Septemba hufungwa, panya wakabaki kuyaangalia. Safari zilianza mwaka aliofariki Wasyl, mume wa Zenia. Yustina alimkuta mdogo wake amekaa jikoni na koti la marehemu mapajani, jua limeshapanda na jiko halijawashwa. Hakumpa pole wala hakumkumbatia. Alimwambia, "Vaa viatu, tunaenda mahali." Wakaenda Stenwick, kwenye kituo cha zamani cha reli kilichogeuzwa makumbusho. Zenia hakusema neno kutwa nzima, lakini jioni alikula.

Tangu hapo wakawa watu wa makumbusho. Waliijua shule ya chumba kimoja ya Tarnholm, yenye madawati yaliyochorwa kwa visu. Walilijua kanisa dogo lililobebwa na lori kutoka porini likawekwa karibu na kituo cha mafuta, na sefu ya benki ambayo hakuna anayejua ufunguo wake ulikopotelea. Zenia alipenda majiko. Angeweza kusimama mbele ya chuma cha kukandia unga mpaka Yustina aje kumvuta mkono. Yustina yeye alipenda kadi, zile kadi ndogo zinazobandikwa chini ya kila kitu kueleza ni nini na kimetolewa na nani. Alizisoma kwa sauti, kama anayesoma matangazo ya kanisani.

"Kinanda. Kimetolewa na familia ya Lindgren. Unawakumbuka wa Lindgren? Hawakuwa na hata kuku, leo wana kinanda."

Kulikuwa na makumbusho ya kijiji kimoja ambayo hawakuwahi kuingia. Bukovna. Kila mwaka Yustina alipita njia ya juu akayaacha pembeni. Mara alisema paa linavuja, mara mwanamke wa pale anaongea mpaka unakosa chakula cha mchana, mara supu yao ya bitiruti ina chumvi kama maji ya kuchemshia nyama ya nguruwe. Zenia hakuwahi kubisha. Aliyeshika usukani ndiye aliyechagua njia, naye alikuwa abiria, akiangalia mashamba ya kanola, mmea wa mafuta, yakipita, manjano mpaka yanapokutana na mbingu.

Siku hiyo walianzia Stenwick kama kawaida. Palikuwa na sanduku jipya la mbao limewekwa katika chumba cha kungojea treni, limepakwa kijani na maua mekundu kwenye mfuniko. Zenia alipiga goti moja na kuligusa.

"La mama lilikuwa hivi hivi," alisema. "Ila maua yake yalikuwa na majani marefu."

"Mm," Yustina alijibu.

"Kila nikiliona sanduku namkumbuka anavyotoa lile shati kulianika. Nashukuru jambo moja tu, dada. Nashukuru alikwenda nalo."

"Ndiyo, mdogo wangu. Alikwenda nalo. Simama, utavunjika magoti."

Maneno hayo yalikuwa kama sala kwao. Zenia aliyasema kila mwaka baada ya Pasaka, siku ya kubariki makaburi, padri anapopita na maji ya baraka na watu wamepanga mikate na mayai juu ya majani. Aliyasema mkesha wa Krismasi, sahani ya marehemu inapowekwa mezani. Na kila mara Yustina aliitikia.

Shati lenyewe Teklia, mama yao, alilishona akiwa na miaka hamsini na kitu, mzima, mwenye nguvu za kukamua ng'ombe kumi. Lilikuwa refu, la kitani, limetariziwa nyeupe juu ya nyeupe, na mstari mmoja mwembamba mweusi kwenye mikono. Lilimchukua majira matatu ya baridi. Lilikuwa la kuzikiwa. Wanawake wa rika lake wote walijishonea mashati yao, wakayakunja na kuyaweka chini kabisa ya masanduku yao pamoja na soksi na kitambaa cha kichwa. Na nguo ya kuzikiwa hushonwa bila fundo hata moja. Uzi unapokwisha mwisho wake hupitishwa chini ya mishono mingine ukajificha huko. Teklia alisema roho inataka njia nyepesi, na fundo ni kama mlango uliofungwa kwa nje.

Yustina aliona ni upuuzi. "Mama anajishonea kifo," alikuwa akiwaambia watu, na kucheka. Kwa hiyo Teklia alimwachia Zenia neno lake. Walikuwa wanalianika shati hilo uani, vuli moja yenye upepo, Teklia amelishika mabega kama anamshika mtu.

"Mama yangu mimi alikufa mwaka wetu wa kwanza hapa," alisema. "Hatukuwa na kitu. Walimzika na nguo iliyoshonwa kwa magunia ya unga. Maandishi ya kiwanda yalikuwa yanasomeka mgongoni. Nilikuwa mdogo lakini niliyasoma. Sasa nisikilize. Mimi nisiende kwake na nguo ya kununua. Nataka aone kwamba tulifika. Utanivika hili wewe."

"Nitakuvika, mama."

Alikufa Januari, katika tufani ya theluji. Zenia na Wasyl walikuwa shambani kwao, kaskazini ya mto, na barabara ilizikwa hata nguzo za uzio hazikuonekana. Zenia alipiga simu kwa Yustina, sauti ikikatikakatika, akamwomba amvike mama shati lake. Katapila la kuondoa theluji lilipowafikia, wakaenda moja kwa moja kanisani, na jeneza lilikuwa limeshafungwa. Zenia alimshika dada yake mkono mlangoni, hata glavu hajazivua.

"Umemvika shati lake?"

"Nimemvika."

Basi. Zenia alilia siku ile, lakini alilia kama mtu aliyelipiwa deni.

Walipotoka Stenwick saa sita ilikuwa inakaribia. Barabara ya changarawe ilinyooka mpaka kwenye njia panda, na pale kuna kibao: Bukovna, mshale kulia. Zenia alipunguza mwendo.

"Tunakwenda Tarnholm," Yustina alisema. "Nyoosha."

"Hatujawahi kuingia Bukovna."

"Bukovna kuna nini? Ghala moja la nafaka na mbwa."

"Kuna makumbusho. Tumeona kila choo cha nje cha mkoa huu, hayo tu hatujayaona."

"Yamefungwa."

"Wameweka bendera, ile pale. Bendera ikiwa juu wapo."

"Zenia, macho yananiuma. Hili jua."

"Ndani hakuna jua," Zenia alisema, akakata kona. Alikuwa amefurahi kidogo, kama mtoto aliyepewa hatamu za farasi. Hakumtazama dada yake.

Makumbusho ya Bukovna yalikuwa katika jengo la zamani la duka la ushirika. Mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo alikuwa amekaa mlangoni akimenya njegere. Jina lake lilikuwa Verna Halvorson, kwa miaka mingi dereva wa basi la shule, na alizungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka viti vya nyuma.

"Karibuni, jamani! Ingieni, kuna feni, haifanyi kazi lakini ipo. Ah! Si Yustina huyu? Yustina wewe! Nilidhani umekufa!"

"Bado nangoja nafasi," Yustina alisema.

"Mnajuana?" Zenia aliuliza.

"Nani asiyenijua mimi. Twende nje kwanza, Zenia, tukaone mashine za kupuria, kabla jua halijawa kali."

"Jua si ndilo lilikuwa linakuumiza macho?"

Verna alicheka, akapukuta maganda ya njegere kwenye aproni. "Anzeni popote. Jiko liko kushoto, kinyozi kulia, chumba cha harusi nyuma. Mimi nachemsha maji. Na kuna pai."

Zenia alianza na jiko, kama kawaida yake. Aliiona mashine ya malai, akaisalimia kimoyomoyo. Alipogeuka kumwonyesha Yustina akaona dada yake hayuko nyuma yake. Amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma na mikono imeshika pande zote mbili za fremu, kama mtu anayepima mlango.

"Hicho ndicho chumba cha harusi?" Zenia aliuliza.

"Hakuna kitu humu. Magauni yameliwa na nondo."

"Nipishe nione."

"Zenia, sikiliza. Twende tukale kwanza."

"Dada, umekuwaje leo? Nipishe."

Yustina alipisha.

Ndani palikuwa na madirisha mawili yenye mapazia, na magauni matatu meupe ya mtindo wa kizungu wa mjini yakining'inia ukutani. Katikati alisimama mdoli, kama wale wa madukani, kichwani amevishwa taji la maua ya karatasi lenye riboni nyekundu, bluu na manjano, kiunoni amefungwa mshipi mwekundu. Na amevaa shati refu la kitani, limetariziwa nyeupe juu ya nyeupe, lenye mstari mmoja mweusi mikononi.

Zenia alitabasamu kwanza. Alifikiri, mtu mwingine naye alishona kama mama. Kisha akasogea. Kwenye bega la kushoto palikuwa na ua moja lenye petali tano wakati mengine yote yana sita. Teklia alikuwa amekosea usiku mmoja taa ilipoishiwa mafuta, na akakataa kulifumua. Alisema Mungu atalitambua shati lake kwa hilo.

Aliushika upindo wa mkono, akaugeuza ndani nje. Alifuata mshono kwa kidole kuanzia kwenye kwapa mpaka kwenye pindo. Aligeuza na mkono wa pili. Hakuna fundo. Hakuna hata moja.

Ndipo akasoma kadi. *Shati la harusi la Kiukraine. Lilivaliwa na Teklia Woloschuk siku ya ndoa yake. Limetolewa na binti yake, Yustina.*

Alisikia nyuma yake pumzi ya Yustina, nzito, ya mtu aliyepanda ngazi.

"Tutaongea garini," Yustina alisema kwa sauti ya chini.

"Mama alizikwa na nini?"

"Zenia, yule mwanamke atatusikia."

"Nakuuliza alizikwa na nini."

"Gauni. Gauni zuri la bluu. Nililinunua mjini Yorkton, halikuwa la bei rahisi. Alipendeza. Watu wote walisema amependeza."

"Uliniambia umemvika."

"Ungetaka nikwambie nini? Pale mlangoni pa kanisa, wewe umejaa theluji mpaka kwenye kope, ungetaka nikwambie nini?"

"Ukweli."

"Na wangefungua jeneza, mbele ya padri, mbele ya watu wote. Nisingeweza."

Zenia alikuwa bado ameshika mkono wa shati. Aliuachia, akaona kwamba vidole vyake vimeacha unyevu kwenye kitani, akavipangusa kwenye sketi.

"Kwa nini?" aliuliza. "Hukulipenda kamwe. Ulikuwa unalicheka."

"Nililicheka nilipokuwa na miaka ishirini!" Yustina aliketi kwenye kiti cha maonyesho, kile chenye kamba ya kuzuia watu wasikae. "Ile asubuhi nililitoa sandukuni, nikalitandaza kitandani pembeni yake. Sikuwahi kulitazama hasa. Zenia, lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo nyumbani kwetu. Baba aliuza kila kitu mwaka wa ukame, hata saa ya ukutani. Kitu kimoja kimebaki, tena cha mkono wake, na mimi nikitie kwenye udongo kikaoze? Nilikaa na shati lile saa nzima. Nikashindwa."

"Halikuwa lako la kushindwa nalo."

"Nililiweka kwangu miaka. Kisha hawa wakaja kuomba vitu. Kila familia ilikuwa na kitu. Wa Halvorson wana jembe. Wa Lindgren wana kinanda. Hata yule mlevi Prokop ana pipa. Sisi tulikuwa wapi? Tumelima ardhi hii miaka mia, na ukipita kusoma kadi zote za mkoa huu sisi hatumo. Mama hayumo. Sasa yumo. Watoto wa shule wanaletwa hapa na basi, wanasimama mbele yake, wanasoma jina lake. Huko chini nani angelisoma?"

"Na harusi? Mama aliolewa na shati la kuazima. Alitusimulia mwenyewe."

Yustina alitazama sakafu. "Waliniuliza, la harusi? Nikasema ndiyo. Ningesema la nini? La kuzikiwa? Wangeuliza mbona halijazikwa."

Zenia alivuta pumzi. Alilimudu hilo la shati, au alifikiri atalimudu baadaye, nyumbani. Tamaa ya kitu kizuri aliielewa. Kilichomshinda kilikuwa kingine, na ilimchukua muda kukipata.

"Kila Pasaka," alisema. "Nasimama kaburini nashukuru kwamba amevaa. Wewe umesimama ubavuni kwangu. Unaitikia. Wasyl alipokufa, nilikwambia, dada, ukinisaidia kumvika Wasyl kama ulivyomvika mama nitakuwa na amani. Ukanisaidia. Ukanikunjia kola ya shati lake ukasema, hivi hivi nilimfanyia mama. Ulisema hivyo. Nani alikulazimisha kusema hivyo?"

Yustina alivuta kamba ya kiti, akaiachia.

"Leo asubuhi tu umeitikia. Mbele ya lile sanduku."

"Ningefanya nini? Ulikuwa unafarijika."

"Nilikuwa nacheka nawe kila Julai, na kila Julai unanizungusha njia ya juu."

Verna aliingia na trei, vikombe vitatu na vipande vya pai, akaona kiti chenye kamba kimekaliwa, akageuza macho. "Naona mmelipata," alisema. "Hilo ndilo fahari yetu. Mwaka jana kuna wageni walitoka Winnipeg kulipiga picha tu."

"Nataka kulichukua," Zenia alisema.

Trei ilibaki hewani.

"Hili si la harusi. Ni la kuzikiwa. Mama yangu alilishona azikwe nalo, akazikwa bila. Kwetu, maiti akisahauliwa kitu, hupelekewa na maiti mwingine. Huwekwa kwenye jeneza la anayefuata, ampelekee. Mimi nitampelekea. Nipeni nikakae nalo."

Verna aliweka trei juu ya cherehani ya maonyesho. Alimtazama Yustina, kisha Zenia, na sauti yake ya basi ikapungua. "Mama, pole. Sikujua. Lakini mimi ni wa kumenya njegere tu hapa. Kitu kikishatolewa, aliyekitoa ndiye anaweza kukiomba kirudi. Akiandika kuomba, kamati haitakataa, nawajua wote. Ila aombe yeye."

Wote wawili walimtazama Yustina.

"Andika, dada," Zenia alisema. Alisema kwa upole, na baadaye alikumbuka kwamba wakati ule alikuwa bado tayari kumsamehe. Kama Yustina angeomba kalamu, wangekula pai ile. "Andika nimpelekee mama nguo yake."

"Niwaambie nini kamati?"

"Ilivyokuwa."

"Kwamba nilimnyima maiti nguo yake? Mjukuu wangu anafundisha shule ya hapa, Zenia. Yeye ndiye anayewaleta watoto. Anawaambia, huyu ni mama wa bibi yangu. Niende nimwambie bibi yako alimwibia mama yake aliyekufa?"

"Ndiyo. Maana ndivyo ilivyokuwa."

"Siwezi."

"Dada."

"Siwezi, na sitaki. Mama ameshakufa, hajui. Hili lipo, watu wanaliona. Liache walione." Alisimama, akaweka kamba ya kiti sawasawa, kama mtu anayetoka kanisani na kupanga kiti chake. "Nitakungoja garini."

Lakini hakutoka. Alifika mlangoni akasimama, kwa sababu Zenia alikuwa amenyanyua mikono na kumvua mdoli taji la maua ya karatasi. Alilivua kwa uangalifu, riboni zikimgusa usoni, akalitundika kwenye msumari penye magauni. Kisha akafungua mshipi mwekundu, akaukunja, akauweka juu ya cherehani karibu na kahawa. Shati likaning'inia wazi, jeupe, refu, kama lilivyokuwa kwenye kamba ya kuanikia uani kwao.

"Hivyo unaruhusiwa?" Yustina aliuliza. "Verna, anaruhusiwa?"

Verna alikuna shingo. "Taji lilikuwa letu, tulilinunua. Mshipi sijui wa nani."

"Na kadi?" Zenia alimuuliza. "Kadi nayo mpaka kamati?"

"Aa, kadi hapana. Kadi tunasahihisha kila siku. Juzi alikuja mzee hapa akatuambia yule ng'ombe kwenye picha ya maonyesho ya mwaka wa ishirini na saba si Daisy, ni Duchess. Tukabadilisha. Ndugu wa familia akija na sahihisho, tunaandika."

"Mimi ni ndugu wa familia."

Verna alikwenda mezani kwake akarudi na kadi tupu na kalamu ya wino mweusi. Zenia aliandikia kwenye mbao za cherehani, amesimama. Mwandiko wake ulikuwa wa shule, wa herufi zilizolala upande mmoja, na aliandika bila kusita kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutunga.

*Shati la kuzikiwa la Teklia Woloschuk. Alilishona mwenyewe, majira matatu ya baridi, bila fundo. Hakuzikwa nalo. Limetolewa na binti yake, Yustina.*

Yustina alikuja akasoma juu ya bega lake. Midomo yake ilisogea. Kwa mara ya kwanza hakusoma kwa sauti.

"Huwezi kuacha hivyo," alisema. "Toa jina langu."

"Wewe ndiye uliyelitoa."

"Watu watauliza."

"Watauliza."

"Zenia, mdogo wangu. Watoto wataisoma hii. Watamuuliza mwalimu wao."

"Ulitaka walione," Zenia alisema. "Waache walione."

Alimpa Verna kadi. Verna aliishika kwa ncha za vidole, akamtazama Yustina kwa muda ambao Yustina angeweza kusema neno lolote, na Yustina hakusema. Akabandua ile ya zamani na kuibandika mpya mahali pake.

Hakuna aliyekula pai. Verna aliwafungia vipande viwili kwenye karatasi ya nta, akawasindikiza mpaka kwenye gari, akampa kila mmoja chake, na hakusema karibuni tena.

Zenia aliwasha gari. Kwenye njia panda hakuchukua njia ya Tarnholm. Alirudi njia ya nyumbani. Kanola ilipita, kisha ngano, kisha bwawa lenye bata. Yustina alikuwa ameshika kipande chake cha pai mapajani kwa mikono yote miwili.

"Alipendeza," alisema mwishowe. "Nakuapia, Zenia. Lile gauni lilimkaa vizuri."

Zenia alipunguza mwendo.

"Lilikuwa na mikono mirefu?" aliuliza.

Yustina aligeukia dirishani.

"Nimekuuliza, dada. Ilikuwa Januari. Lilikuwa na mikono mirefu?"

"Mifupi," Yustina alisema.